Nakuru ikipiga, Kisumu iitike: tranki ya IP ni nini hasa?

Kwenye meza ya mapokezi ya duka moja la pembejeo hapa Nakuru nilikuta simu tatu. Moja ya mezani, ya kupigia ofisi za ndani. Moja ya mkononi, mali ya kampuni, ya wateja. Ya tatu ilikuwa ya dada wa mapokezi mwenyewe. Kila mteja alipouliza kama dawa ya kupe iliyoisha hapa ipo tawi la Kisumu, dada alipiga kule kwa krediti yake. "Fundi," akaniambia, "nasikia tunaletewa tranki. Sasa itakaa wapi na meza imejaa hivi?"

Nimeulizwa swali hilo kwa namna nyingi mwaka huu, kwa sababu ofisi nyingi zinaachana na laini za waya wa shaba na kila muuzaji anakuja na jina lake. Meneja wa duka lile alikuwa ameomba bei ya "mashine ya tranki." Mhasibu alidhani ni bando la intaneti. Mwenye duka aliamini ni kitu kama WhatsApp cha kampuni. Wote watatu walikuwa wanatafuta kitu cha kununua, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Tranki ya IP haikai mezani, na mara nyingi hainunuliwi kabisa. Ni makubaliano kati ya mitambo miwili ya simu. Makubaliano yakiwa kamili, simu zinalia. Yakipungua neno moja, unaweza kununua vifaa vya kila bei na bado msisikizane.

Tuanze na mtambo. Ofisi yenye simu ishirini haikodi laini ishirini za nje. Huwa na mtambo mmoja wa simu, ule ambao wazee wetu waliujua kama swichibodi, unaozipa simu za ndani namba fupi: 101, 102, 103. Hizo ndizo ekstensheni. Ukibonyeza 102, mtambo unakuunganisha na stoo bila simu kutoka nje ya jengo na bila mtu kulipa senti. Siku hizi mtambo ni kisanduku kidogo chenye taa za kijani, au ni programu tu ndani ya kompyuta. Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, ndiyo iliyo ndani ya mitambo mingi hata pale ambapo jina la nje ni lingine.

Tranki, kwa asili ya neno, ni shina. Simu za mezani ni matawi, na njia moja inayobeba maongezi mengi kwa pamoja kutoka mtambo mmoja hadi mwingine ndiyo shina lenyewe. Zamani shina lilikuwa la waya. Aina iliyoenea sana, E1, ilibeba maongezi 30 kwa wakati mmoja, na kuunganisha ofisi mbili zilizo miji tofauti kulimaanisha kukodi njia hiyo kutoka kwa kampuni ya simu na kuilipia kila mwezi, uitumie usiitumie. Tranki ya IP hufanya kazi ileile juu ya mtandao uleule unaobeba barua pepe zako. Herufi IP zinataja tu utaratibu wa kupeleka taarifa kwenye mtandao, ambapo kila kifaa kina anwani yake na kila taarifa hukatwa vipande vidogo, yaani pakiti, na kila pakiti huandikwa inakokwenda.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mtu akilielewa, matatizo mengi ya simu za ofisi anayatambua mwenyewe. Simu moja juu ya tranki ya IP ni safari mbili, si moja. Fikiria posa. Familia ya kijana haifiki kwa akina msichana na ng'ombe siku ya kwanza. Hutangulia mshenga. Anabisha, anasema ametumwa na nani na anamtafuta nani, wanaelewana masharti, anarudi na jibu. Mshenga hubeba maneno, habebi ng'ombe. Ng'ombe huja baadaye, wengi, na huenda wakapitia njia nyingine kabisa.

Mshenga wa simu anaitwa SIP. Ni itifaki, yaani lugha ya adabu kati ya mitambo, na toleo linalotumika hadi leo liliandikwa mwaka 2002. Dada akibonyeza namba ya Kisumu, mtambo wa Nakuru humtuma mshenga na mwaliko: "Mimi ni mtambo wa Nakuru, simu ya mapokezi hapa inaitaka simu ya stoo yenu. Sauti mniletee kwenye anwani hii, mlango huu. Lugha za sauti ninazozijua ni hizi." Mtambo wa Kisumu hujibu kwanza kwamba umesikia na unajaribu, kisha kwamba simu inalia, kisha, mtu akiinua mkono wa simu, kwamba mambo ni sawa: jibu namba 200. Hapo ndipo ng'ombe huanza kutembea. Sauti yenyewe husafiri kwa itifaki nyingine, RTP, pakiti 50 kila sekunde kila upande, kila pakiti ikibeba milisekunde 20 za maneno yako.

Kwa hiyo simu inaweza kulia vizuri kabisa Kisumu, mtu akapokea, na kukawa kimya. Kulia ni kazi ya mshenga. Kusikika ni kazi ya ng'ombe.

Hilo ndilo lililotupata duka lile siku ya kwanza ya majaribio. Kisumu walimsikia dada, yeye hakuwasikia. Alikuwa ameinama, kidole kwenye sikio moja, simu kwenye lingine, anarudia "Haloo? Haloo?", na kwa simu ya mkononi wenzake wa Kisumu wakimwambia, "Sisi tunakusikia vizuri sana, dada, sema tu." Meneja akauliza kama tununue intaneti yenye kasi zaidi. Nilimwomba asubiri. Tatizo halikuwa kasi. Ingekuwa ndogo, sauti ingekatikakatika, isingepotea upande mmoja tu.

Chanzo kilikuwa anwani. Vifaa vya ndani ya ofisi hutumia anwani za ndani, nyingi zikianza na 192.168, na anwani hizo zinarudiwa katika maelfu ya ofisi na nyumba duniani. Kwenye intaneti, ofisi nzima huonekana kwa anwani moja ya umma, na rauta ndiyo inayogeuza kati ya hizo mbili. Mtambo wa Nakuru ulikuwa umeandika katika mwaliko anwani yake ya ndani. Ni kama mshenga kuwaambia wakwe, "Boma letu ni lile lenye mwembe." Kila kijiji kina boma lenye mwembe. Sauti ya Kisumu ilitoka ikaenda kutafuta mwembe usiokuwepo. Dawa yake ilikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio: kuuambia mtambo wa Nakuru anwani yake ya umma ni ipi na ni anwani zipi zilizo za ndani. Dakika chache, bila gharama.

Kuna dalili nyingine, ndugu wa hiyo, ambayo ningependa kila mwenye ofisi aijue. Simu inaunganishwa, mnaongea vizuri pande zote mbili, halafu inakatika, na kila mara inakatika karibu sekunde ya 32. Huo si mtandao mbaya. Baada ya jibu la 200, mtambo uliopokea hungojea neno la mwisho la kuthibitisha kwamba jibu limefika. Lisipofika, hurudia jibu lake tena na tena, na ikifika sekunde 32 huchoka na kukata. Mara nyingi kosa ni lilelile la anwani, au ni kipengele ndani ya rauta kinachoitwa SIP ALG, ambacho kazi yake iliyokusudiwa ni kumsaidia mshenga ila huishia kumbadilishia maneno njiani. Mimi hukizima kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Masharti ambayo mitambo miwili hukubaliana si mengi. Kila mmoja ajue anwani ya mwenzake. Wajue mlango wa kubishia, yaani namba ya huduma inayotafutwa kwenye anwani hiyo; kwa kawaida ni 5060, au 5061 mazungumzo ya mshenga yakifungwa kwa siri. Waafikiane jinsi ya kutambuana: ama kila mmoja aikubali anwani ya mwenzake tu, ama mmoja ajisajili kwa mwingine kwa jina na nywila. Njia ya kwanza inafaa pale ofisi zote mbili zina anwani za umma zisizobadilika. Ya pili huokoa tawi ambalo kifurushi chake cha intaneti hakina anwani ya namna hiyo, na vifurushi vingi vya bei nafuu havina. Ikiwezekana, mimi hupendelea kuunganisha ofisi kwanza kwa VPN, handaki la faragha kati ya rauta mbili, kisha tranki ipite humo ndani. Anwani za ndani zinakuwa zinajulikana pande zote na suala la mwembe linaisha, mradi ofisi hizo mbili hazitumii anwani za ndani zinazofanana. Zikifanana, badilisha za upande mmoja kabla hujaanza.

Lugha za sauti huitwa kodeki. G.711 husema kila kitu bila kufupisha, kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha bahasha za pakiti hufika karibu 87. G.729 hufupisha hadi 8, ambazo na bahasha zake ni kama 31. Hata G.711 ina lahaja mbili: ile ya A, inayotumika Kenya na sehemu kubwa ya dunia, na ile ya Marekani na Japani. Mitambo isipokuwa na hata lugha moja ya pamoja, simu hukataliwa kwa jibu namba 488. Weka G.711 ya A pande zote mbili na utalala.

Hesabu hizo zinajibu imani iliyoenea kuliko zote, kwamba simu za IP zinahitaji intaneti kubwa. Maongezi kumi kwa wakati mmoja kwa G.711 ni kama kilobiti 870 kwa sekunde kila upande, chini ya megabiti moja. Ofisi nyingi za Nakuru na Kisumu zenye faiba zina zaidi ya hiyo mara nyingi. Kinachoharibu sauti ni foleni: kamera za ulinzi zikipandisha picha, kompyuta ya mhasibu ikituma nakala ya hifadhi saa nne asubuhi, na pakiti za sauti zikisimama nyuma yake. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Neno likichelewa nusu sekunde, watu wawili wanaanza kuongea kwa pamoja. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Umbali wa Nakuru na Kisumu si tatizo hapa, kwani mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na hata njia ikizungukia Nairobi ni milisekunde chache. Kwa hiyo iambie rauta ipishe sauti kama matatu zinavyopaswa kupisha ambulensi, kabla ya kulipia kifurushi kikubwa zaidi.

Nije kwenye namba, jambo ambalo mafundi wengi hulipitia mbio na wenye ofisi hujuta baadaye. Duka letu la Nakuru lilikuwa na 101 hadi 120. Tawi la Kisumu nalo lilikuwa na 101 hadi 112, kwa sababu fundi wa kule alianza palepale kila fundi anapoanzia. Mtu wa Nakuru akibonyeza 101, anamtaka yupi? Mtambo hauna la kufanya ila kumpa wa hapa hapa. Wengine hutatua kwa kuongeza tarakimu ya kutangulia, kama 8 ya kuvukia Kisumu. Inafanya kazi, lakini watu husahau, na simu iliyokosa kupokelewa huonyesha namba ambayo ukiipiga tena inakupeleka kwa mtu mwingine.

Mimi hutumia misimbo ya miji ambayo watu wetu tayari wanaikumbuka tangu enzi za simu za kibanda. Nakuru ni 051, Kisumu ni 057. Basi Nakuru zote ziwe 5101 na kuendelea, Kisumu 5701 na kuendelea. Kakamega ikifunguliwa kesho itakuwa 5601, Eldoret 5301, Kericho 5201, Kisii 5801. Dada wa mapokezi hakuhitaji karatasi ya kubandika ukutani. Alisikia mara moja akasema, "Kumbe ni kama kodi za zamani." Usianze ekstensheni yoyote na 0 wala 9, kwa sababu 0 ni mwanzo wa namba za nje na 9 mitambo mingi huitumia kutokea nje, na 999 lazima ibaki huru.

Na kila mtambo uambiwe kwa ufupi na kwa ukali nini kipite kwenye tranki. Nakuru: zinazoanza na 57 tu ndizo ziende Kisumu. Kisumu: zinazoanza na 51 tu ndizo ziende Nakuru. Nimeona ofisi ambapo kila mtambo uliambiwa, "usichokijua mpe mwenzako." Mtu alikosea namba moja, Nakuru ikaitupa Kisumu, Kisumu ikairudisha Nakuru, na mpira ule ukaendelea hadi nafasi zote za tranki zikajaa na hakuna simu nyingine iliyopita.

Hapa kuna la uhai na kifo. Ofisi zikishaunganishwa, wenye mali hupenda simu zote za nje zitokee upande mmoja, tuseme Nakuru, kwa sababu mkataba na kampuni ya simu uko huko. Ni sawa kwa kuagiza mbolea. Lakini moto ukiwaka Kisumu na mtu akabonyeza 999 kwenye simu ya mezani, simu hiyo itatokea kama ya Nakuru, na anayepokea atakuwa anafikiria barabara za Nakuru. Namba za dharura, 999 na 112, zitokee palepale mtu alipo, kwa laini ya tawi au laini ya mkononi iliyochomekwa kwenye kifaa cha hapo hapo. Kama haiwezekani, bandika tangazo juu ya simu watumie ya mkononi. Silikabidhi tawi kabla ya kulimaliza hili.

Je, simu za tranki ni za bure? Kati ya ofisi zako mbili hakuna malipo ya dakika, kwa kuwa unatumia intaneti uliyokwisha kuilipia. Ukimpigia mteja kwenye simu yake ya mkononi, lazima mahali fulani simu iingie kwenye mtandao wa kampuni ya simu, na hapo dakika zinahesabiwa. Hiyo nayo huitwa tranki ya SIP, ila ni kati ya mtambo wako na mtoa huduma, mkataba tofauti wenye bili yake. Na kuanza kuuzia watu wa nje dakika kupitia mtambo wako ni biashara inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wengine huniambia, "Sisi ni wadogo, nani atatuibia?" Anayekuibia hakujui na wala hajali ukubwa wako. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana zikibisha mlango 5060. Fungua mtambo mpya kwa intaneti bila ulinzi, kisha soma kumbukumbu zake: hazichukui muda kuanza kuonyesha wageni wanaojaribu 100, 101, 102 na nywila nyepesi. Wakiingia, hupiga simu za nje ya nchi kwenye namba za malipo ya juu ambazo wao hupata mgao wake, na huchagua Ijumaa jioni kwa sababu ofisi itafunguliwa Jumatatu. Niliitwa na ofisi moja asubuhi ya Jumatatu ya namna hiyo. Mtambo wao ulikuwa na ekstensheni 200, nywila 200. Mama mwenye ofisi aliniuliza mara tatu kama inawezekana kudaiwa simu ambazo hakuna aliyepiga. Inawezekana, na inauma kumwambia mtu hivyo.

Kwa hiyo rauta ikubali mlango huo kutoka anwani ya ofisi nyingine tu, au kila kitu kipite ndani ya VPN. Nywila ziwe ndefu, zichanganywe ovyo na programu, zisitungwe na mtu. Simu za nje ya nchi zifungwe kabisa isipokuwa nchi mnazozihitaji, na idadi ya maongezi ya pamoja iwekewe kikomo. Kikomo hakimzuii mwizi, ila hupunguza hasara.

Jambo moja ambalo simu ya waya ilitushinda nalo ni stima. Ile ilipata nguvu yake kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule, ndiyo maana ililia hata taa zikizimika mtaa mzima. Tranki ya IP inahitaji mtambo, rauta, swichi (kisanduku kinachogawa nyaya za mtandao ofisini) na simu za mezani zote ziwe na umeme, pande zote mbili. Betri ya akiba ikishika mtambo na kuisahau rauta, haijashika kitu.

Siku ya kukabidhi, usikubali fundi akupigie "haloo" moja na kufunga begi. Mpige mtu wa Kisumu kutoka Nakuru, kisha akupigie yeye. Ongeeni zaidi ya dakika nzima, mvuke ile sekunde ya 32. Hamisheni simu kutoka meza moja hadi nyingine ikiwa hewani. Pigeni tano kwa pamoja wakati kompyuta zote zinafanya kazi. Zimeni stima kwenye soketi mwone kinachobaki hai. Pigeni namba ya nje ya nchi ambayo mmeifunga na mhakikishe inakataa.

Duka lile tulilimaliza Alhamisi saa tisa alasiri. Mteja wa kwanza baada ya hapo alitaka dawa ya kupe, chupa ya lita moja, na hapa haikuwepo. Dada alisukuma simu yake ya mkononi pembeni, akabonyeza 5704, ikalia mara mbili, akasema, "Habari za Kisumu? Angalia rafu ya tatu." Kisha akatulia, simu begani, akisikiliza mtu wa upande wa pili akihesabu chupa.